Wimbo wa Kuupoza Uji

Binti yake Senge Rasoa alinitilia kifuko mkononi tulipokuwa tukiagana baada ya mazishi ya mama yake. "Dada, hii ndiyo ilibaki jikoni," akaniambia. "Mama alisema ni yako." Nikakishika, nikakitia kwenye mkoba bila kukifungua, nikarudi nacho Nairobi. Kilikaa kwenye rafu ya jikoni karibu wiki nzima. Siku niliyolegeza fundo lake, harufu ikanipata kabla sijaona kilichomo: harufu ya wimbi lililolowekwa likaota, kisha likakaushwa juani na kusagwa. Ni utamu mdogo wenye uchachu ndani yake, kama gunia lililonyeshewa. Nikavuta kiti nikaketi.

Hicho ni kimea. Wengi wa rika langu mkikisikia mnafikiria pombe ya busaa moja kwa moja, na siwalaumu, kwa maana ndiyo kazi yake inayojulikana. Mimi nikikisikia namfikiria mdogo wangu Elija, akiwa hawezi hata kulia.

Tulikaa karibu na Dagoretti Corner, nyuma ya maduka, katika chumba cha mabati kilichogawanywa kwa pazia. Mama alikuwa Mkikuyu wa hukohuko Dagoretti. Baba alikuwa Mragoli, amekuja kutafuta kazi kutoka magharibi, na kwa kuwa kila mmoja alishindwa na lugha ya mwenzake, nyumbani tuliongea Kiswahili, kila mtu akikivunja kwa namna ya kwao. Baba alikuwa mpishi katika nyumba moja ya Lavington. Alilala hukohuko kazini, akija kwetu Jumapili alasiri na viatu vilivyong'aa na harufu ya siagi kwenye mashati. Mama aliuza mboga kando ya barabara. Alikuwa na mikono ya haraka ajabu. Angeweza kubambua minji, kumfungia mteja sukuma na kunipangusa pua, yote kabla mtu hajamaliza kumsalimu. Ule msemo wa haraka haraka haina baraka aliuchukia, akisema aliyeutunga hakuwa na watoto.

Baba naye alipenda kutuletea siri za jiko la Lavington. Siri aliyojivunia kupita zote ilikuwa ya nyama. Ukiwa na nyama ya ng'ombe mzee, alisema, usipigane nayo kwenye moto. Ivike majani ya mpapai yaliyopondwapondwa hadi yatoe utomvu, iache ikae, halafu ndipo uipike. "Hayo majani yana meno," alituambia, akitukodolea macho. Niliamini. Kwa muda mrefu sikupita karibu na mpapai bila kuficha vidole mfukoni.

Elija alishikwa na surua akiwa bado hajasimama vizuri. Vipele vikaisha lakini ugonjwa ukamwachia vidonda mdomoni, na katika siku zile za homa na kukosa usingizi maziwa ya Mama yakakauka. Hapo ndipo shida ilipoanza. Kliniki walimwambia Mama ampe chakula kizito, mtoto amepungua. Akampikia uji mzito. Elija akameza kijiko, akameza kingine kwa shida, akageuza uso ukutani. Mama akauongezea maji ukawa mwepesi. Huo aliunywa, tumbo likajaa kama ngoma, lakini maji ni maji. Mikono yake ikazidi kuwa miembamba, nywele zake zikaingia wekundu, na ngozi ya miguuni ukiibonyeza inabaki na shimo. Uji mzito hangeweza kuumeza, mwepesi haukumjenga. Mama alizunguka kati ya hizo sufuria mbili kama mtu aliyefungiwa.

Ninachokumbuka zaidi ni kimya. Zamani Elija alikuwa akilia hadi jirani yetu, Mama Ciru, anagonga mabati. Sasa alikaa pale ulipomweka. Nilimchezea kifuniko cha sufuria mbele ya macho yake, akakitazama kama anatazama mvua. Nilikuwa mdogo, hakuna aliyeniambia kitu, lakini niliogopa kulala mgongo wangu ukiwa umemgeukia.

Baba alituma neno kwao, na dada yake akaja. Senge ndilo neno la Waragoli kwa shangazi wa upande wa baba, na Senge Rasoa alikuwa mrefu, mkimya, na polepole katika kila jambo, hata kukaa kitini alikaa kwa vituo. Alimchukua Elija mapajani, akamtazama viganja, akamtazama ulimi. Kisha akafungua kikapu chake akatoa mfuko wa unga wa rangi ya kahawia. Mama akanusa kabla haujatua mezani.

"Senge, hii ni nini?"

"Ni kimea."

"Ya busaa?"

"Ya uji."

"Kimea ni kimea," Mama akasema. "Mimi ni mtu wa kanisa. Watu wa hii ploti wakisikia hii harufu watasema natengeneza pombe."

"Wakisema, waite waonje." Senge alikuwa bado anautazama ulimi wa Elija. "Huyu mutoto anakula nini saa hii?"

Mama akageuka akaanza kupanga vikombe vilivyokuwa vimekwisha kupangwa.

Sasa nitaeleza alivyofanya, kwa sababu nilikaa karibu na jiko nikiona kila kitu, na sijaona tena mtu akipika kwa utulivu ule. Alipika uji wa wimbi, lakini si uji wa kunywa. Aliuweka unga mwingi hadi mwiko ukasimama wenyewe katikati. Ulikuwa binamu wa ugali. Mama alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono, na uso wake ulisema wazi kwamba mtoto aliyeshindwa na uji mzito ndiye huyo anapikiwa matofali. Senge akaipua sufuria akaiweka sakafuni. Akaketi kwenye kigoda, akaikumbatia sufuria kwa viganja viwili, akaiachia mara moja maana ilikuwa ya moto. Akaanza kuimba.

Ulikuwa wimbo wake mwenyewe, ameutunga hapohapo au ameurithi, sijui. Ulikuwa unamwita mtoto kwa jina aje kutoka alikokwenda. Elija njoo, ng'ombe wamerudi. Elija njoo, kuku wamelala. Elija njoo, kigoda chako kiko wazi. Uliendelea hivyo polepole, ukitaja kila kitu kilichokwisha kufika nyumbani isipokuwa yeye. Katikati ya wimbo alirudisha viganja kwenye sufuria, akaviondoa, akaanza tena mwanzo. Akashika, akaviondoa, akaanza tena. Mwishowe akaimba wimbo wote toka mwanzo hadi mwisho viganja vyake vikiwa vimetulia kwenye sufuria kama anapasha mikono asubuhi ya baridi. Hapo ndipo alipochota kijiko kimoja cha kimea akakinyunyiza juu, akaanza kukoroga.

Mwanzo mwiko ulikwama. Kisha ukapata njia. Kisha, na hapa Mama alikunjua mikono akasogea, uji ule ukaanza kulegea. Hakuongeza maji hata tone. Ulilegea wenyewe, ukawa laini, ukaanza kung'aa, ukateremka kutoka kwenye mwiko kama maziwa mazito. Unga wote bado ulikuwa mlemle ndani. Senge akaurudisha jikoni uchemke kidogo, akaupoza tena, akamnywesha Elija kwa kikombe cha bati. Mdogo wangu alikunywa, akapumua, akanywa. Kikombe kilipoisha Senge alikipindua juu ya kiganja chake akatuonyesha kiganja. Kilikuwa kikavu.

Mimi nilikuwa nimekwisha kuelewa kila kitu, kama watoto wanavyoelewa. Uji ulikuwa umesikia wimbo. Ulikuwa mkaidi, ukaimbiwa, ukalainika moyo. Mbona hata mimi nilipokuwa nimenuna Baba aliniimbia nikacheka?

Senge alikaa nasi hadi Elija akarudiwa na sauti. Siku aliyolia tena, kilio kile cha zamani cha kugombana, Mama Ciru aligonga mabati upande wa pili na Mama akapiga magoti pale alipokuwa, na majani ya sukuma mkononi, akamshukuru Mungu. Kitu kimoja tu kilinitia wasiwasi. Elija alipoanza kusimama, alisimama kwa kuyumba, akacheka bila sababu, akaanguka kwa makalio, akacheka tena. Nilikuwa nimewaona wanaume wakitoka kunywa busaa Jumamosi jioni, nao walikuwa hivyohivyo. Nilimnusa mdomo kila asubuhi kwa siku nyingi, nikiomba kimyakimya asije akaaibisha Mama kanisani.

Kisha ikaja habari kwamba bibi yetu, mama yao Baba na Senge, ameanguka na kuvunjika nyonga. Senge akafunga kikapu. Alimwachia Mama kimea cha kutosha na kumrudia maelezo mara kadhaa. "Ipua. Ngoja ipoe, lakini isipoe sana. Halafu kimea. Halafu irudi jiko." Mama aliitikia ndio, ndio, ndio, huku akifunga mafungu ya dania.

Asubuhi ya kwanza ya kuwa peke yake, wateja walikuwa wameshaanza kuita nje. Mama alipika uji mzito, ukachemka ukirukaruka, akatia kimea hapohapo jikoni, akakoroga kwa mikono yake ya haraka. Uji ukabaki vilevile. Akatia kingine. Haukubadilika. Elija akala vijiko viwili, akageuka. Kesho yake aliipua, lakini mteja akamwita, akaenda, akabaki huko akibishana, na aliporudi uji ulikuwa baridi umeshikana kama sabuni. Kimea kilikaa juu yake kama vumbi. Siku zilizofuata alijaribu kila namna na kila mara kwa haraka zaidi, kwa sababu Elija alikuwa ameanza tena kunyamaza. Nilikiona kile kimya kikirudi. Alikitazama kifuniko cha sufuria kwa macho yaleyale.

Mama Ciru alikuja akasimama mlangoni. Alikuwa mwanamke mwema, na alichosema alikisema kwa kuogopa. "Mama Jerusa, mimi sisemi kitu. Lakini huyo mama alikuwa na mukono yake. Kuna watu wako na mukono. Ama aliweka ndawa, na akienda, ndawa ikaenda na yeye."

Nilimwona Mama akibadilika uso. Mtu wa kanisa kuambiwa mtoto wake alilishwa dawa ya mtu ni jambo zito, na yeye alikuwa amechoka, na hofu ikimkuta mtu amechoka haimwombi ruhusa. Alisimama akauchukua mfuko wa kimea kwenye rafu. Nilijua anakokwenda nao. Choo cha ploti kilikuwa nyuma, na kilichoingia mle hakikutoka.

"Mama," nikasema, "wewe haukuimba."

"Nini?"

"Senge alikuwa anauimbia. Wewe haukuuimbia uji."

Mama alinitazama. Nadhani alikuwa anatafuta kama anicheke au anipige. Alikuwa na sababu za yote mawili. Elija alikuwa sakafuni kati yetu, mgongo wake umeegemea mguu wa meza, haangalii popote. Mama akamtazama yeye. Akaketi kitandani, mfuko mapajani, akasema kwa sauti ya mtu aliyeishiwa, "Haya. Imba."

Uji wa asubuhi ile ulikuwa umeipuliwa punde tu. Nikavuta kigoda, nikaketi kama Senge, nikaikumbatia sufuria. Ikaniunguza nikairuka. Lakini Senge naye alikuwa akianza hivyo, kwa hiyo sikuogopa. Nikaanza kuimba. Elija njoo, ng'ombe wamerudi. Nikashika tena, nikaachia, nikarudi mwanzo, maana ndivyo nilivyoona ikifanywa na nilihofia nikikosea neno uji utakasirika. Nje mtu aliita, "Mama Jerusa, leta nyanya." Mama akainuka nusu. Nikaendelea kuimba. Akakaa. Sijui kama aliwahi kumfanyia mteja hivyo kabla ya siku ile. Nikashika, nikaachia, nikaanza tena, na katikati ya wimbo nikagundua kwamba mambo yote sasa yako kwangu. Hatimaye nikafika kigoda chako kiko wazi, na mikono yangu ilikuwa bado pale, inapata joto zuri tu.

"Sasa kimea," nikasema.

Mama akachota, akanyunyiza. Nikakoroga kwa mikono miwili, maana mwiko ulinishinda. Ukakwama. Ukapata njia. Ukalegea.

Mama aliuona ukiteremka kutoka kwenye mwiko akajifunika uso na leso ya kichwani akalia, bila sauti, mabega tu. Kisha akajipangusa, akaurudisha uji jikoni uchemke, akaupoza, akamnywesha mwanawe. Wateja waliita wakachoka wakaenda zao. Kikombe kilipoisha alikipindua juu ya kiganja, kama Senge, akanionyesha.

Tangu hapo aliimba yeye. Mwanamke wa mikono ya haraka kuliko wote niliowajua alikaa kwenye kigoda kila asubuhi na kila jioni akiimba wimbo mrefu wa wifi yake kwa lafudhi ya Kikuyu, ng'ombe wakirudi na kuku wakilala, na hakuna aliyemharakisha. Mama Ciru alikuja akaonja uji. Baadaye nikamsikia na yeye, upande wa pili wa mabati, akimwimbia mjukuu wake.

Miaka ilipita, nikaingia sekondari, nikiwa bado naamini kimoyomoyo kwamba uji una masikio. Nilikuwa nimepata akili ya kutolisema, basi. Mwalimu wetu wa biolojia, Miss Adongo, alikuwa ametoka chuo kikuu majuzi, na alipenda somo lake kwa namna iliyotufanya tumpende yeye. Siku moja alitutemesha mate. Darasa zima la wasichana tukitema kwenye vineli vya kioo na kuchekana. Tukachanganya mate na uji mwepesi wa wanga. Neli moja tukaiweka kwenye barafu aliyoiomba mahali, moja kwenye maji ya uvuguvugu, na moja ilikuwa na mate yaliyochemshwa kwanza. Baadaye tukatia iodini, ambayo hugeuka bluu nyeusi ikikutana na wanga. Ya barafu ikawa nyeusi. Ya mate yaliyochemshwa ikawa nyeusi. Ile ya uvuguvugu ikabaki na rangi ya chai. Wanga wote ulikuwa umeondoka.

"Nani ameuondoa?" akauliza.

Akatueleza kuhusu vimeng'enya. Nimefundisha somo hilo mwenyewe maisha yangu yote, na kila mara nilisikia sauti yake chini ya yangu. Wanga, alisema, ni kama uzi mrefu wa shanga, na nyuzi hizo zikivimba kwa maji na joto hushikana, ndiyo maana uji unakuwa mzito. Kwenye mate kuna kimeng'enya kinachokata uzi huo vipande vifupi, na vipande vifupi haviwezi kushikana. Kimeng'enya chenyewe ni protini iliyokunjwa kwa umbo lake maalumu, na kwenye umbo hilo kuna mfuko ambao ni kitu kimoja tu kinaingia sawasawa, kama ufunguo na kufuli yake. Kikishakata, hakiliwi na kazi. Kinaachilia, kinashika kingine. Ndiyo maana kidogo sana kinatosha kwa kingi sana. Lakini kwenye baridi kinajikokota, na ukikichemsha lile umbo linafumuka, na kufuli iliyoharibika umbo haiwezi kurudishwa.

Akasema viko vya aina nyingi, na hakuna kinachoingilia kazi ya kingine. Kinachokata wanga hakigusi nyama. Cha kukata protini kiko tumboni mwetu, na kiko pia kwenye utomvu wa mpapai. Aliposema hivyo nilimwona Baba akitukodolea macho, hayo majani yana meno. Cha kukata mafuta hakishughuliki na mkate. Na si vyote ni vya kukata. Viko vya kuunganisha, mtoto anavyojenga mfupa na nyama. Viko vinavyobandua kipande hapa na kukibandika pale, na vinavyobomoa bila kuhitaji maji, na vinavyogeuza tu umbo la kitu bila kuongeza wala kupunguza. Viko vinavyoshughulika na oksijeni, kama vile vinavyokifanya kiazi ulichokimenya kiwe cheusi ukikisahau. Mbegu nayo, alisema, ikilowa maji huamka, na ikiamka ina njaa, basi hujitengenezea vya kukata wanga wake yenyewe, ili ule mche mchanga upate kitu ambacho unaweza kukila.

Nilikuwa nimesimama bila kujua nimesimama. Darasa likanitazama. Nikamwambia habari za kimea, na uji, na jinsi Mama alivyokitia ukichemka kikashindwa, na ukiwa baridi kikashindwa. Nikamwambia na habari ya wimbo. Wasichana wakacheka. Miss Adongo hakucheka. Aliniuliza kama nimebakiwa na kimea nyumbani.

Nikakileta. Tukapika uji mzito kwenye maabara, nikaikumbatia sufuria, na mbele ya wasichana wote wale nikaimba wimbo wa mtoto mchanga, masikio yakiniwaka. Miss Adongo alikuwa amekitumbukiza kipimajoto katikati ya uji. Nilipomaliza wimbo wote bila kuondoa mikono, aliinama akakisoma. Akakisoma tena. Kisha akageuka akaandika ubaoni jotoridi ambalo kimea hufanyia kazi vizuri kuliko yote, kama lilivyo kitabuni, na pembeni yake akaandika la sufuria yangu, akarudi nyuma ili tuyaone yote mawili. Tofauti yake ilikuwa ndogo hata haikufaa kubishaniwa. "Nani alitunga huu wimbo?" akauliza, kwa sauti ya chini, kama mtu aliye kanisani. Nikamwambia ni Senge yangu. Akaniomba nimwandikie maneno yake.

Likizo ile nilikwenda Maragoli nikiwa nimejaa habari. Nilimkuta Senge akipeta wimbi, nikamwaga elimu yangu yote pale uani, ufunguo, kufuli na shanga. Alisikiliza vizuri. Aliuliza kama hivyo vitu huchoka. Nikamwambia huchoka mwisho, lakini si haraka. Alipenda jibu hilo. Nikamwambia basi kwamba nilikuwa mjinga utotoni, nilidhani anauimbia uji, kumbe wimbo ulikuwa saa yake ya kupimia joto.

Senge akaweka ungo chini.

"Joto linapimwa na mikono, Jerusa. Hata bila wimbo mikono inajua." Akachagua jiwe kwenye wimbi akalitupa. "Mutoto akiwa na njaa, mukono ya mama yake inakimbia. Uji haiwezi kukimbia. Nilikuwa naimbia mukono yangu, itulie. Wewe unafikiri sikuwa naogopa? Nilipomwona siku ile ya kwanza, nilijua huyu tunaweza kumpoteza."

Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba Senge Rasoa aliogopa. Nimeyabeba maneno hayo tangu siku hiyo, na kadiri ninavyozeeka ndivyo ninavyomstaajabia zaidi, yeye na Mama pia, ambaye kutulia kwake kulimgharimu kuliko kulivyomgharimu Senge.

Elija alikuja kwangu Jumapili iliyopita. Ni babu sasa, ana kitambi na mvi, na kwenye mazishi ndiye aliyeshika jeneza upande wa mbele. Hakumbuki surua wala njaa. Nilimwonyesha kifuko. Akakinusa akasema kinanuka kama nyumbani, hakujua kueleza zaidi. Nikabandika sufuria, nikapika uji hadi mwiko ukasimama, nikauipua nikauweka mezani kwa kuwa magoti yangu hayataki tena vigoda. Nikaikumbatia sufuria. Nikaachia. Nikaanza kuimba, lakini nilipofika kwenye kuku wamelala machozi yakaanza, nikashindwa kuendelea.

Elija akauchukua wimbo pale nilipouacha. Aliuimba kwa sauti yake nzito, akitaja jina lake mwenyewe bila haraka, akaurudia mwanzo, neno kwa neno, wimbo ambao hakuna mtu aliyewahi kumfundisha. Mimi niliweka mikono kwenye sufuria nikangoja. Alipomaliza nikatia kimea chote kilichobaki.

Akanywa kikombe chote. Kisha, bila kuniangalia, akakipindua juu ya kiganja chake, akaninyooshea kile kiganja nikione.